Ukuta, mkataba na kofia: jibu kuhusu Buster Keaton

Swali: "Nimeona kipande kinachozunguka mtandaoni: ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Buster Keaton, yule mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu bubu, naye anabaki wima kwa kuwa amesimama penye tundu la dirisha. Wenzangu wanasema ni ujanja wa kamera. Ni kweli? Tena nasoma kila mahali kwamba filamu zilipoanza kusema, sauti yake ndiyo iliyommaliza. Na kwenye majina ya mwanzo wa filamu zake naona mwongozaji ni mtu mwingine. Sasa yeye alikuwa mwigizaji tu, au aliongoza? Nianze na filamu ipi? Mwisho, kikundi chetu cha sanaa kinataka kumwigiza jukwaani: ile kofia yake bapa inatengenezwaje?"

Ndugu yetu, tuanze na ukuta, maana ndio uliokufikisha hapa. Ukuta ni wa kweli, mtu ni yeye mwenyewe, na shoti ni moja isiyokatwa.

Sini hiyo imo katika Steamboat Bill, Jr., iliyotoka mwaka 1928. Ilipigwa mwaka mmoja kabla, Sacramento, California, ambako mtaa mzima wa bandia ulijengwa kando ya mto. Mpango wa kwanza ulikuwa mji huo uangamizwe na mafuriko. Lakini 1927 ndio mwaka ambao mto Mississippi ulifurika na kuua watu wengi, na ofisi ya utayarishaji ikaona si vema kuchekesha watu kwa msiba ambao matanga yake hayajaanuliwa. Keaton akageuza mafuriko kuwa kimbunga. Kurekebisha majengo kwa ajili ya mageuzi hayo tu, kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe, kulikula dola 35,000.

Sasa ufundi wenyewe. Ukuta wenye bawaba chini huanguka kama jalada la kitabu: kitu kilichokuwa juu kwa kipimo fulani kitatua mbele ya nyumba kwa umbali uleule. Kwa hiyo mahali pa kusimama hapakubahatishwa. Ni umbali wa dirisha kutoka kwenye bawaba, uliolazwa ardhini. Walitengeneza kwanza fremu tupu ya ukuta, wakahakikisha bawaba hazichezi, kisha wakailaza chini na kujenga dirisha kumzunguka Keaton akiwa amesimama. Alijiachia inchi mbili kila bega, yaani sentimita tano hivi, na kiasi hichohicho kichwani na visiginoni. Pale vilipogusa visigino vyake wakapigilia misumari mikubwa. Ndipo fremu ikainuliwa, ikafunikwa mbao, ikapakwa rangi, na chumba cha nyuma yake kikapambwa ili ukuta ukianguka mtazamaji aone nyumba iliyobanduliwa uso.

Uzito unaotajwa ni tani mbili. Watu hudhani ulikuwa ni ubishi wa kujionyesha; sivyo. Kulikuwa na mashine sita za upepo zenye injini za ndege aina ya Liberty, zenye nguvu ya kusukuma gari barabarani. Ukuta mwepesi ungejipinda kwenye upepo ule, na ukuta uliojipinda hautui ulipopimwa. Ndiyo maana uzito ulikuwa usalama, na ndiyo maana mashine zilielekezwa ili upepo uvume mbele na nyuma ya picha bila hata mkondo mmoja kugusa uso wa nyumba wakati unaanguka. Hatari nyingine ilikuwa yeye mwenyewe: akishtuka, akageuza bega, kwisha. Kwa hiyo anasimama kama mtu asiye na habari, mgongo kwa nyumba, na baada ya vumbi kutulia ndipo anatazama huku na huku na kukimbia. Ilipigwa mara moja. Kwenye vibanda vya video tumezoea kuambiana kwamba stelingi hafi. Hapa stelingi angekufa kweli, na filamu ingekwama.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Alikwisha kuutumia mzaha huo mwaka 1919 katika Back Stage, filamu fupi ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle, kwa ukuta mwepesi wa mapambo ya jukwaa, na mwaka 1920 katika One Week, kwa ukuta wa nyumba ya mbao. Kila safari uliongezwa ukubwa, na kamera ikabaki mbali, imetulia, ikionyesha mtu mzima na nyumba nzima kwa pamoja. Kwa Keaton hiyo ilikuwa kanuni: kituko kikigawanywa katika shoti mbili, mtazamaji ana haki ya kushuku. Wenzako wanashuku kwa sababu wamelelewa na filamu ambazo zingekigawanya.

Hapa tunaingia kwenye swali lako la tatu, kama aliongoza; la sauti litafuata. Ukisoma majina tu, utapotea. Filamu nyingi kati ya zile fupi zinamtaja pamoja na Eddie Cline. Our Hospitality (1923) ina John Blystone, The Navigator (1924) ina Donald Crisp, The General ina Clyde Bruckman. Sherlock Jr. (1924), Seven Chances na Go West (zote 1925) na Battling Butler (1926) zina jina lake peke yake. College (1927) inamtaja James Horne tu, na Steamboat Bill, Jr. inamtaja Charles Reisner tu, jina la Keaton kama mwongozaji halimo kabisa.

Pima kwa macho badala ya majina. Chukua Our Hospitality na Steamboat Bill, Jr., zenye waongozaji wawili tofauti kwenye karatasi, uzitazame bila kusoma vibao vya mwanzo. Kamera imesimama umbali uleule, mtu anaonekana kutoka kofia hadi viatu, mwendo unakata picha kwa mistari iliyonyooka, na mzaha unaanza kwenye kona moja ya picha na kumalizikia kwenye kona nyingine. Ni mkono mmoja. Wale wengine walikuwa na kazi ya kweli, kwa sababu mtu anayecheza mbele ya kamera anahitaji macho ya kuaminika nyuma yake, lakini ramani ilikuwa ya Keaton. Yeye hakuwa mchoyo wa majina. Bruckman, kwa mfano, alikuwa mbunifu wa vituko aliyepandishwa cheo kwa sababu alikuwa rafiki na kazi yake ilistahili. Crisp aliajiriwa kusimamia sini nzito za The Navigator. Keaton alisimulia baadaye kwamba bwana huyo alianza kushughulikia vichekesho badala ya uzito, ikabidi sehemu zipigwe upya.

Shule yake ilikuwa jukwaa. Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, kijiji cha Kansas ambako wazazi wake, Joe na Myra, walikuwa safarini na maonyesho. Tangu utotoni alikuwa wa tatu katika The Three Keatons, onyesho ambalo baba alimrusha mtoto ukutani, kwenye mapazia, hata kwa wanamuziki; mpini wa sanduku la safari ulishonwa mgongoni mwa koti lake ili awe na pa kushikwa. Vyama vya kutetea watoto viliwafuata mji hadi mji. Mambo mawili yalimwingia humo: namna ya kuanguka bila kuvunjika, na kwamba akicheka yeye watazamaji hucheka kidogo, akikaza uso hucheka sana. Uso ule mkavu si huzuni wala falsafa. Ni hesabu ya jukwaani iliyofanywa na mtoto.

Mwaka 1917, akiwa na miaka 21, aliachana na baba yake aliyekuwa amezidiwa na pombe, akapata kazi ya jukwaani New York kwa dola 250 kwa wiki. Hakuifanya. Alitembelea studio ambako Arbuckle alikuwa akipiga The Butcher Boy, akaigiza siku hiyohiyo, akahamia huko kwa dola 40 kwa wiki. Jambo la kwanza alilotaka ni kuifungua kamera aone ndani kuna nini. Mwaka 1918 alipelekwa Ufaransa na jeshi la Marekani, akarudi na masikio yaliyopungua usikivu kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1920 Arbuckle alihamia kampuni nyingine, na mtayarishaji Joseph Schenck akampa Keaton timu na studio, ileile aliyowahi kuitumia mchekeshaji Charlie Chaplin. Malipo: dola 1,000 kwa wiki na robo ya faida. Hisa katika kampuni yenye jina lake hakuwa nayo hata moja. Likumbuke hilo, litarudi.

Kati ya 1920 na 1923 walitoa filamu fupi 19, kisha ndefu. Muswada haukuwapo. Walikaa yeye na wabunifu wake, Jean Havez, Joseph Mitchell na Bruckman, wakatafuta mwanzo na mwisho. Vyote viwili vikipatikana, katikati hujipa penyewe. Wakikwama mchana kutwa, mpira wa besiboli ulitolewa, wakacheza mpaka wazo lije. Fred Gabourie alijenga chochote kilichotakiwa, Elgin Lessley alizungusha kamera. Filamu ilipokwisha ilionyeshwa kwa watazamaji wa kawaida bila kutangazwa, na vicheko vikahesabiwa.

Majaribio hayo ndiyo yaliyotengeneza kazi zake. Seven Chances ilikuwa imekwisha, na mbio za mwisho zilikuwa baridi. Lakini kwenye onyesho la majaribio, Keaton akiteremka mlimani, mawe matatu yaliyomfuata kwa bahati yalichekesha ukumbi mzima. Wakarudi kazini, wakatengeneza mawe ya bandia 1,500 hivi ya ukubwa wote, mengine makubwa kupita mtu, na maporomoko yale ndiyo yanayokumbukwa leo. Kinyume chake kilitokea kwenye The Navigator. Chini ya maji, Keaton akiwa ndani ya vazi la mzamiaji, anajibandika kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, kifuani kama beji ya askari na kuongoza msafara wa samaki kama trafiki. Walitengeneza samaki wa mpira zaidi ya elfu moja na mtambo wa kuwaendesha. Kwenye kionjo cha filamu watu walicheka sana; ndani ya filamu, kimya. Sababu wakaiona: msichana yuko taabani juu ya meli, na huyu anacheza na samaki. Ikakatwa, gharama zote zikaenda na maji. Kituko kizuri mahali pabaya ni kibaya. Wanaofundisha uhariri wangeweza kuanzia hapo.

Kwa kuwa unapenda kujua kama kamera inadanganya, tazama pia kazi ambayo kamera inadanganya kweli, na kwa makusudi: The Playhouse ya 1921. Alikuwa amevunjika kifundo cha mguu pale kiatu kilipobanwa na ngazi ya umeme wakati wa kupiga The Electric House, kwa hiyo alihitaji filamu yenye miereka michache. Katika The Playhouse yeye ni kiongozi wa bendi, ni wapigaji wote, ni watazamaji, wanawake kwa watoto, na kuna mahali Keaton tisa wanaonekana jukwaani kwa mstari mmoja. Siku hizo hakukuwa na njia ya kuunganisha picha baadaye kwa usafi huo. Yote yalifanyika ndani ya kamera. Mbele ya lenzi waliweka kisanduku kisichopenyeza mwanga chenye vifuniko tisa vyembamba. Funua cha kwanza, Keaton anacheza upande wa kushoto kabisa. Funika, rudisha filamu nyuma hadi fremu ileile, yaani picha ileile ya mkanda. Funua cha pili, asogee, acheze tena. Mara tisa kwenye mkanda mmoja. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo Lessley alitakiwa azungushe kwa mwendo uleule kila mara, na Keaton acheze kwa mapigo yaleyale; mpiga banjo aliyefuata metronomu, chombo cha kugonga mapigo, ndiye aliyewafunga pamoja. Kosa katika mzunguko wa tisa linaharibu nane zilizotangulia. Mwanga ukivuja kwenye kifuniko, mstari mweusi au mweupe unabaki katikati ya watu. Tafuta mstari huo. Hauonekani.

Sherlock Jr. ilikwenda mbali zaidi. Mwendesha projekta analala kazini, roho yake inaingia ndani ya skrini, na mandhari yanabadilika chini ya miguu yake: ngazi, bustani, jabali, theluji. Ili mwili wake usirukeruke mandhari yanapobadilika, walipima umbali wa kamera hadi kwake kwa vifaa vya wapima ardhi, wakasafisha vipande vya filamu papo hapo na kumpa mpiga picha fremu ya mwisho ili awianishe mkao. Skrini ile ya mwanzo, kwa njia, si skrini: ni jukwaa lililojengwa na kuwekewa taa lifanane na picha. Katika filamu hiyohiyo anashika kamba ya mrija wa tangi la maji la reli, maji yanamporomosha, na shingo yake inagonga chuma cha reli. Aliumwa kichwa kwa muda, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa shingo uliokuwa umevunjika ukajiunga wenyewe.

Kuhusu The General tungeweza kujaza gazeti. Msingi wake ni kisa cha kweli cha 1862, majasusi wa Kaskazini walipoiba garimoshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wenye reli waliokuwa wakilitunza garimoshi halisi walikataa kulitoa kwa ajili ya vichekesho, kwa hiyo Keaton alihamia Cottage Grove, Oregon, kwenye reli za kubebea magogo, kiangazi cha 1926. Cheche za injini ziliwasha misitu mara kwa mara na wasanii wakawa zimamoto. Pale anapokaa kwenye fito inayounganisha magurudumu, akiwa amesononeka, nayo inaanza kupanda na kushuka naye, hatari haikuwa mwendo, bali mwanzo wa mwendo: dereva akifungua mvuke kupita kiasi, magurudumu ya garimoshi la mvuke huteleza na kuzunguka kwa kasi papo hapo, na mtu aliyekaa hapo angerushwa au kusagwa. Kwa mzinga unaorusha tufe taratibu hadi ndani ya kibanda cha dereva, baruti ilihesabiwa punje kwa punje kwa kibanio. Tarehe 23 Julai 1926 garimoshi halisi liliangushwa mtoni pamoja na daraja linalowaka. Ilipigwa mara moja, kamera sita, dola 42,000 kwa bei inayotajwa siku zote. Mabaki yalikaa mtoni hadi Vita Kuu ya Pili, yakachukuliwa kama chuma chakavu.

Filamu iligharimu dola 750,000 hivi na haikurudisha gharama zake nyumbani Marekani. Wahakiki wengi waliiponda. Mwaka 1989 iliingia katika kundi la kwanza la filamu zilizowekwa kwenye orodha ya taifa ya kuhifadhiwa, lakini mwaka 1927 hilo halikumsaidia mtu.

Sasa sauti. Angalia tarehe. Keaton alisaini na MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, mwaka 1928; filamu yake ya kwanza ya kusema, Free and Easy, ilitoka 1930. Kilichoharibika kiliharibika katika miaka hiyo miwili, filamu zikiwa bado bubu. Schenck alikuwa anafunga studio na kwenda United Artists, kampuni nyingine ya filamu. Ndugu yake Nicholas ndiye aliyekuwa mkuu wa Loew's, kampuni mama ya MGM. Kwa kuwa Keaton hakuwa na hisa, hakuwa na cha kung'ang'ania. Chaplin na Harold Lloyd, wachekeshaji wenzake ambao walikuwa na mali yao, walimwonya asiende. Alipewa dola 3,000 kwa wiki, akaenda.

MGM ilikuwa kiwanda, tena kiwanda kizuri, na hilo ndilo tatizo. Muswada ulitakiwa kabla ya kupiga shoti, bajeti iidhinishwe kabla ya kujenga, kila mtu awe na idara yake. Timu yake ikagawanywa kwenye filamu za wengine. Kwa The Cameraman (1928) waandishi zaidi ya ishirini walitia mkono. Hata hivyo filamu hiyo ni nzuri sana, kwa sababu alipambana: walipokwenda New York, umati ulimtambua na barabara zikasimama, naye akamshawishi mkuu wa uzalishaji, Irving Thalberg, waupunguze muswada na kurudi California. Besiboli anayoicheza peke yake katika uwanja mtupu wa Yankee Stadium ni ya hapo, na haikutoka kwa mwandishi yeyote. Iliyofuata, Spite Marriage (1929), ina sini ya kumlaza kitandani bibi harusi aliyelewa, ambayo mtayarishaji alitaka kuikata.

Na hapa ndipo ngano ya sauti inapoanguka kabisa: Spite Marriage Keaton aliomba ipigwe kwa sauti. Walimnyima, vifaa vilikuwa haba na vilipelekwa kwa wengine. Huyu ni mtu aliyesema na kuimba jukwaani tangu utoto. Sauti yake ilikuwa nzito yenye mkwaruzo, ikiafikiana na uso wake. Filamu zake za kusema za MGM zilileta faida, nyingine kuliko zile bubu tunazozisifu. Ndiyo maana studio haikuona sababu ya kubadilisha chochote. Wakamfanya mhusika mmoja mpumbavu aitwaye Elmer, mtu wa kuonewa huruma, wakati yule wa zamani alikuwa mtu mwenye akili aliyekabiliwa na mashine na hali ya hewa. Wakamwekea Jimmy Durante, msemaji asiyepumua, katika filamu tatu. Kwa soko la nje alirudia sini hizohizo kwa Kihispania, Kifaransa au Kijerumani, lugha asizozijua, akikariri matamshi kipande kwa kipande. Fikiria kuchekesha kwa namna hiyo, kichekesho kilekile, mara tatu.

Akanywa. Mke wake Natalie Talmadge aliondoka 1932, na watoto wawili wa kiume wakapewa jina la ukoo wa mama. MGM ilimfukuza 1933, mara baada ya What! No Beer?, ambayo ulevi unaonekana waziwazi kwenye skrini. Hatuipendekezi kwa yeyote. Akatengeneza filamu fupi za bei rahisi 16 kwa kampuni ya Educational kuanzia 1934 hadi 1937, kisha 10 kwa Columbia, na akarudi MGM kama mbunifu wa vituko vya wengine kwa dola 100 kwa wiki. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, ndoa iliyodumu hadi mwisho. Televisheni ikampokea. Mwigizaji James Mason, aliyenunua nyumba yake ya zamani, alikuta makopo ya filamu yaliyosahauliwa humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya wewe kuziona leo. Alipewa Oscar ya heshima mwaka 1960, akafariki tarehe 1 Februari 1966 kwa saratani ya mapafu.

Pa kuanzia: One Week, dakika ishirini na kitu, kuhusu maharusi na nyumba ya kujiunganishia ambayo namba za masanduku yake zimechezewa. Kisha Sherlock Jr., dakika 45. Baada ya hapo Our Hospitality, ya utulivu zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo iliyosukwa vizuri kuliko zote. Halafu The General, Steamboat Bill, Jr. na The Cameraman. Usianze na The General kwa sababu tu kila orodha inaitaja ya kwanza. Mzaha wake ni wa subira, na asiyemzoea huyu bwana huishia kuangalia treni. Tena ujue unachokiona: filamu hiyo imesimama upande wa Kusini na haisemi lolote kuhusu utumwa uliokuwa kiini cha vita vile. Katika Seven Chances na College kuna Wazungu waliojipaka masizi kuigiza Weusi, na wale tisa wa The Playhouse ni wa mchezo huohuo. Haifai kufichwa, wala haiwi nyepesi kwa kusema zilikuwa zama zao.

Nakala inahitaji macho. Filamu bubu zilipigwa na kuonyeshwa kwa mwendo uliobadilikabadilika, fremu 16 hadi 24 kwa sekunde. Iliyokusudiwa 20 ikichezwa kwa 24, watu wanakimbia kama sisimizi. Punguza mwendo kwenye programu yako ya video hadi 0.85 hivi, mwendo unakaa sawa. Usirekebishe mbio za magari, nyingi ziliharakishwa kwa makusudi. Kisha kagua vibao vya maandishi: kama maneno yamesogea kushoto au herufi za mwanzo zimekatwa, nakala ilipitishwa kwenye mkanda wa sauti, ambao hula ukingo wa kushoto wa picha, na hapo vituko vya pembeni vinapotea. Tafuta nyingine. Huko Marekani filamu zake za hadi 1928 haziko tena chini ya hakimiliki, lakini muziki mpya uliowekwa juu yake huenda una mwenyewe. Mkionyesha kipande hadharani, zimeni sauti na mpige muziki wenu.

Kofia, basi. Keaton alizitengeneza mwenyewe kutoka kofia za pama za chapa ya Stetson. Alikata na kushusha sehemu ya juu hadi ikawa fupi na bapa. Kisha akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari, vya kujaa hadi kufurika, katika kikombe cha chai cha maji ya vuguvugu. Loweka ukingo wa kofia juu na chini kwa maji hayo, uulaze kwenye meza ngumu iliyo safi, unyooshe kwa kiganja mpaka usiwe na wimbi, na uuache ukauke wenyewe mpaka uwe mkavu kama ubao. Kofia ya kitambaa cha pamba haitafaa, inataka ya manyoya yaliyoshindiliwa. Maji na jasho huilegeza, kwa hiyo tengenezeni mbili au tatu kama onyesho lina maji au mieleka. Na msiziache wazi usiku: ni sukari ile, sisimizi watazipata kabla yenu.